Shajara ya mradi: faharasa ya mwili kwa ajili ya Mama

Siku ya 1

Mama alirudi jana na karatasi ya vipimo. Nikamwuliza wamesemaje. "Wamesema nina nyongo." Nikamwuliza nyongo imefanya nini. "Sasa mimi nitajuaje, mwanangu? Wamesema nina nyongo, na watanipasua."

Karatasi ina maneno mawili marefu, nayaandika hapa kama yanavyotamkika: kolelithiasisi na kolesistektomi. Nilikaa nayo mezani karibu nusu saa. Humu nyumbani kila karatasi yenye maandishi magumu huletwa kwangu, na hii ilinishinda. Sikuweza kumwambia mama yangu ni kitu gani kitakatwa mwilini mwake.

Basi mradi unaanza leo. Nitatengeneza faharasa ya maneno 120 ya mwili na ya hospitali, kwa Kiswahili ambacho Mama ataweza kukisoma peke yake. Kila neno litapewa mistari mitano: jina, mahali, kazi, kinachoweza kuharibika, na namna watu wanavyolisema. Mstari huo wa tano nimeuongeza usiku huu kwa sababu ya ile kauli ya "nina nyongo". Rafiki yangu mmoja, muuguzi wa miaka mingi, amekubali kusoma kila ukurasa na kunisahihisha. Faharasa haitamwambia mtu anaumwa nini wala anywe dawa gani. Nataka imsaidie kuelewa alichoambiwa na kueleza anachokisikia mwilini.

Siku ya 3. Yaliyokamilika: 9

Nimeanza na nyongo, ndiyo iliyonileta hapa. Nyongo ni maji ya rangi ya kijani na njano yanayotengenezwa na ini kwa kazi ya kuyeyusha mafuta ya chakula. Ini hutengeneza nusu lita hadi lita moja kwa siku. Sehemu ya maji hayo huhifadhiwa katika kifuko kidogo kilichojibanza chini ya ini, chenye urefu wa sentimita 7 hadi 10. Tatizo la kwanza ni kwamba Kiswahili cha kila siku huyaita yote mawili nyongo, maji na kifuko. Katika faharasa nimeyatenganisha: nyongo ni maji, mfuko wa nyongo ni chombo chake.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi, na naona litanifuata mradi mzima. Tuna desturi ya kumpa mtu kiungo kana kwamba ni ugonjwa. Fulani ana tezi dume. Mtoto wa fulani alikuwa na kidole tumbo. Mzee ana presha, ana sukari, ana figo. Lakini kila mwanamume ana tezi dume tangu kuzaliwa. Iko chini ya kibofu cha mkojo, imeuzunguka mrija unaotoa mkojo, na hutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Umri unaposonga, kwa wengi huvimba na kuubana mrija huo, ndiyo maana mkojo huanza kutoka kwa kusitasita. Huko kuvimba ni jambo moja, saratani ya tezi dume ni jambo jingine kabisa, na mtu aliyeambiwa "una tezi dume" hajui ameambiwa lipi kati ya hayo mawili. Anaweza kukosa usingizi mwezi mzima kwa hofu ya saratani asiyokuwa nayo, au akapuuza aliyonayo.

Hata presha ni hivyo hivyo. Shinikizo la damu ni nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa, na aliye hai hawezi kulikosa.

Nimeweka kanuni: katika faharasa hii hakuna mtu mwenye kiungo. Kiungo kimevimba, kimeziba, kimepata mawe, kimeshambuliwa na vijidudu, kimechoka. Daima kitenzi kifuate.

Siku ya 7. Yaliyokamilika: 22

Nimechora. Mimi si mchoraji, lakini maneno bila picha hayashiki. Nimechora kiwiliwili kikiwa kimesimama, uso mbele, viganja vimegeukia mbele, kama wanavyofanya watu wa anatomia tangu zamani ili wote wazungumzie mwili ule ule.

Muuguzi aliangalia mchoro wangu kwa sekunde tatu akaniuliza, "Ini umeliweka upande gani?" Nilikuwa nimeliweka upande wa kulia wa karatasi. Ini liko kulia, ndiyo, lakini kulia kwa mwenye mwili. Mtu aliyechorwa anatutazama, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwetu sisi tunaomtazama. Nimefuta, nimechora upya, na juu ya karatasi nimeandika kwa herufi kubwa: KULIA NI KWAKE YEYE. Kosa hili si dogo. Mtu anayesoma mchoro vibaya atashika ubavu wa kushoto na kusema ini linamuuma, kumbe ameshika upande wa bandama.

Tumbo nimeligawa mara nne kwa mistari miwili inayokatana kitovuni. Juu kulia kuna ini na mfuko wa nyongo. Juu kushoto kuna mfuko wa chakula na bandama, ambayo wengine huiita wengu. Chini kulia, pale utumbo mwembamba unapoungana na utumbo mpana, ndipo kinapoanzia kidole tumbo. Chini kushoto ni sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Kongosho limelala nyuma ya mfuko wa chakula, na figo ziko nyuma zaidi, pembeni mwa uti wa mgongo. Hizi mbili za nyuma nimezichora kwa nukta.

Neno tumbo lenyewe limenipa kazi. Ni eneo lote kuanzia chini ya kifua hadi kinena, ni kile kifuko kinachopokea chakula, na ni mimba pia. Nimeliacha libaki na maana ya eneo. Kifuko nakiita mfuko wa chakula. Utumbo mwembamba una urefu wa takriban mita 6, mpana mita 1.5; Mama alipoambiwa hivyo alishika tumbo lake kwa mikono miwili akasema, "Yote hayo humu?"

Siku ya 11

Leo sikuandika neno jipya hata moja. Siku nzima nimekaa na msemo mmoja: chembe cha moyo.

Nimemwomba Mama anisimulie tangu mwanzo jinsi alivyoumwa. Kumbe mara ya kwanza alipokwenda kuonwa, alisema, "Daktari, moyo unaniuma." Akafanyiwa kipimo cha umeme wa moyo, kikaonyesha moyo hauna neno, akarudi nyumbani. Maumivu yakarudi baada ya wiki chache, usiku, yakamkaa saa mbili. Safari hiyo ndipo walipompima kwa altrasaundi wakayaona mawe.

Nikamwambia, "Mama, hebu nionyeshe ulipokuwa unaumwa." Akaweka vidole viwili chini ya ncha ya kidari, pale mbavu zinapoachana, mahali penye kibonde laini. "Hapa. Kwenye chembe cha moyo. Halafu yanazunguka huku mpaka mgongoni," akafikisha mkono kwenye kombe la bega la kulia.

Mama hakukosea Kiswahili chake. Pale panaitwa chembe cha moyo, na pameitwa hivyo kabla yangu na yake. Ila moyo wenyewe hauko pale. Moyo uko juu zaidi, nyuma ya kidari, katikati ya mapafu mawili na umeegemea kidogo kushoto, ukubwa wake ni kama ngumi ya mwenyewe. Kati ya moyo na chembe cha moyo kuna kiwambo, ule msuli mpana uliotanda kutenganisha kifua na tumbo. Napenda sana neno hili. Ngoma huwambwa ngozi, na ndani yetu nasi tumewambwa vivyo hivyo. Kiwambo kikishtuka-shtuka ndiyo kwikwi.

Chini ya kibonde kile kuna mfuko wa chakula, ncha ya ini, kongosho kwa nyuma, na mfuko wa nyongo hauko mbali. Maumivu ya mawe ya nyongo husikika hapo au juu kulia, mara nyingi baada ya mlo wenye mafuta, na huweza kupanda hadi bega la kulia. Yaani Mama alieleza vizuri kabisa kwa kidole chake, lakini mdomo wake ulisema "moyo", na kilichoandikwa ni kilichosemwa.

Nilimpelekea muuguzi maelezo haya nikiwa nimekasirika kidogo, kana kwamba kile kipimo cha kwanza kilikuwa bure. Alinirudisha kwenye mstari. "Kipimo cha moyo kilikuwa sahihi," aliniandikia. "Mshtuko wa moyo nao unaweza kusikika pale pale kwenye chembe, hasa kwa wanawake na wenye kisukari. Usimfanye msomaji wako aamini kwamba maumivu ya pale ni ya tumbo tu." Kwa hiyo ukurasa huu una onyo, na nimelipigia mstari: maumivu ya kubana kifuani au kwenye chembe cha moyo, yanayosambaa mkononi, shingoni au tayani, yakiambatana na jasho jembamba, pumzi fupi au kichefuchefu, ni ya kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo.

Moyo pia ndio tunaousingizia kichefuchefu. "Moyo unanichafuka" ni habari ya tumbo. Nimeandika kwenye mstari wa tano wa neno moyo: unaposema moyo, weka kidole mahali unapopasema.

Siku ya 16. Yaliyokamilika: 41

Mshipa. Nililiahirisha neno hili mara tatu.

Nimekusanya kauli ambazo mimi mwenyewe nimewahi kuzisikia. Mshipa umevimba mguuni. Mshipa wa shingo umekaza. Ana ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Mshipa umeshuka. Walimtafuta mshipa wa kumtundikia dripu wakaukosa. Ni neno moja, na ndani yake mna vitu visivyohusiana kabisa. Wa mguuni ni vena iliyotanuka. Wa shingoni ni msuli. Wa fahamu ni neva. Ulioshuka ni ngiri, yaani sehemu ya utumbo iliyopenya mahali dhaifu pa ukuta wa tumbo. Wa dripu ni vena tena.

Nimeazimia kutumia maneno mahususi na kumwachia msomaji neno mshipa kama mlango wa kuingilia. Mshipa wa damu unaotoka moyoni ni ateri. Unaorudi moyoni ni vena. Katikati yake kuna kapilari, vijimrija vyembamba mno ambamo damu hupeana hewa na chakula na mwili. Neva hubeba habari kutoka na kwenda kwenye ubongo. Kano huufunga msuli kwenye mfupa, na ligamenti huufunga mfupa kwa mfupa.

Mahali pamoja nilitaka kurahisisha nikazuiwa. Niliandika kwamba ateri hubeba damu safi na vena hubeba damu chafu, kama nilivyofundishwa shuleni. Muuguzi akaweka alama nyekundu. Ateri inayotoka moyoni kwenda mapafuni hubeba damu iliyopungukiwa oksijeni, na vena zinazotoka mapafuni hurudisha iliyojaa oksijeni. Kinachozitofautisha ni mwelekeo. Inatoka moyoni au inarudi moyoni, basi. Na ile damu nyingine si chafu.

Nimejifunza pia kwamba safari hiyo haikujulikana siku moja. Ibn al-Nafis, tabibu wa karne ya 13, aliandika kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo, hupitia mapafuni, ndipo ifike upande wa kushoto. William Harvey wa Uingereza alichapisha mwaka 1628 maelezo ya mzunguko mzima. Lakini hata Harvey hakuona damu inavukaje kutoka ateri kwenda vena. Kapilari zilionekana kwa hadubini mwaka 1661, Marcello Malpighi alipochunguza pafu la chura. Nimeweka habari hii kwa sababu inamfariji anayehangaika kuelewa. Mabingwa walihangaika kwa karne nyingi.

Siku ya 17

Mifupa. Mtu mzima ana 206. Nilitaka kuiandika yote, nikajizuia. Nimechagua 14 ambayo watu huvunjika au huumwa mara nyingi: fuvu, taya, mtulinga, kombe la bega, kidari, mbavu, pingili, nyonga, fupapaja, pia ya goti na mingine michache. Mkono na mguu nimevikata vipande, maana "mkono unauma" unaweza kuwa ni popote kuanzia begani hadi ukuchani. Kiganja, kifundo, kiwiko, bega. Wayo, kisigino, kifundo, muundi, goti, paja. Maneno tunayo, hatuyatumii tu.

Siku ya 22. Yaliyokamilika: 58

Leo nimezivunja zile karatasi za Mama, na nimefurahi mno.

Maneno marefu ya hospitali mengi yamejengwa kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini, na vipande vyenyewe si vingi. Kole ni nyongo. Sisti ni mfuko au kibofu. Lithi ni jiwe. Ektomi ni kukata na kutoa. Kwa hiyo kolelithiasisi ni hali ya kuwa na mawe ya nyongo, na kolesistektomi ni kuutoa mfuko wa nyongo. Ndilo jibu la karatasi nzima. Ini halitaguswa.

Ukishavipata vipande, milango inafunguka mfululizo. Apendektomi ni kutoa kidole tumbo. Sistaitisi ni kibofu cha mkojo kilichoshambuliwa. Kolesistaitisi ni mfuko wa nyongo ulioshambuliwa, na hilo lilikuwa kwenye karatasi yake ya pili, lenye alama ya kuuliza mbele yake. Gastraitisi ni mfuko wa chakula, hepataitisi ni ini, athraitisi ni viungo vya mifupa. Mkia wa aitisi maana yake ni ule uvimbe wenye joto, wekundu na maumivu. Dalili hizo nne ziliandikwa na Celsus, Mroma wa karne ya kwanza, na wanafunzi wa udaktari hadi leo huzikariri.

Na kolesteroli! Nilidhani ni neno la mafuta ya moyoni tu. Kumbe kole ile ile imo. Dutu hili lilipatikana kwanza katika mawe ya nyongo, na mwanzoni mwa karne ya 19 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul akalipa jina linalotokana na nyongo. Mawe mengi ya nyongo yameundwa kwa kolesteroli iliyoganda. Nilipomweleza Mama, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mawe yake yanafanana na kokoto za kweli. Ndiyo, mengine hufanana nazo.

Kiswahili nacho kina vipande vyake. Saratani tumeipata kutoka Kiarabu, na maana yake ni kaa. Wagiriki na Waroma nao waliuita ugonjwa huo kwa jina la kaa, na neno kansa limetoka huko. Lugha tatu, mnyama mmoja.

Siku ya 26. Yaliyokamilika: 71

Maneno ya hatari. Nayaita hivyo kwa sababu ukiyachanganya unaweza kumdhuru mtu.

Haipa ni juu ya kiwango, haipo ni chini ya kiwango. Tofauti ni irabu moja, na maana ni kinyume. Haipaglaisemia ni sukari kupanda mno katika damu, haipoglaisemia ni sukari kushuka mno, chini ya miligramu 70 kwa desilita. Anayeshuka hutetemeka, hutoka jasho, huchanganyikiwa, na huhitaji sukari upesi. Nimeyatoa maneno yote mawili kwenye kichwa cha ukurasa. Kichwa kinasema "sukari kushuka mno" na "sukari kupanda mno". Ya Kigiriki yamewekwa chini ili msomaji ayatambue akiyaona.

Presha ya juu. Kipimo husomwa kwa namba mbili, mfano 120 juu ya 80, kwa milimita za zebaki. Ya kwanza ni nguvu ya damu moyo unapojikamua, ya pili ni moyo unapotulia kati ya pigo na pigo. Wengine wakisema presha ya juu wanakusudia ile namba ya kwanza. Wengine wanakusudia ugonjwa wa shinikizo kupanda. Nimeandika namba ya juu, namba ya chini, na shinikizo lililopanda. Presha ya kupanda na ya kushuka, kama watu wasemavyo, nimeziacha kwenye mstari wa tano kwa sababu zinaeleweka vizuri sana.

Chanya na hasi. Mitaani jambo chanya ni jema. Kwenye majibu ya kipimo, chanya maana yake kilichotafutwa kimeonekana, na mara nyingi hicho si cha kufurahia.

Sugu na kali. Ugonjwa sugu ni wa muda mrefu, si lazima uwe mbaya. Wa ghafla ndio madaktari wengi huandika kuwa mkali, hata ukiwa mwepesi, na mgonjwa husikia kali akadhani anakufa. Nimechagua "wa ghafla" na "wa muda mrefu". Sugu nimelibakiza kwa vijidudu visivyosikia dawa.

Siku ya 29. Yaliyokamilika: 83

Homa zimenichosha. Homa yenyewe ni joto la mwili kupanda, kwa kawaida nyuzi 38 na zaidi, na ni dalili tu. Lakini tumeitumia kujengea majina ya magonjwa: homa ya ini, homa ya mapafu, homa ya matumbo, homa ya manjano, homa ya uti wa mgongo. Mtu anaweza kuwa na homa ya ini miaka kadhaa asipate joto hata siku moja. Na homa ya uti wa mgongo haishambulii mifupa ya uti. Hushambulia utando unaofunika ubongo na ule ugwe wa neva unaopita ndani ya pingili. Sitabadilisha majina yaliyozoeleka, ila kila moja nimelieleza ni kiungo gani hasa kinachoshambuliwa.

Muuguzi amenisimulia kisa kuhusu uti. Kijana mmoja alisoma kwenye karatasi yake herufi tatu kubwa, UTI, akarudi nyumbani akijua uti wake wa mgongo umeharibika. Akalala chali siku mbili asiinuke. Herufi hizo ni kifupisho cha Kiingereza cha maambukizi ya njia ya mkojo. Hakuna aliyemwambia. Nimempa kijana huyo, ambaye simjui, ukurasa mzima.

Siku ya 33. Yaliyokamilika: 96

Maumivu. Hapa Kiswahili kina utajiri, nami nimeandika kwa raha. Jipu hupwita. Tumbo hunyonga, likaachia, likanyonga tena. Koo huwasha. Kidonda huchoma. Kiungulia huunguza kutoka chini kwenda juu. Mguu hufa ganzi. Kichomi hudunga ubavuni kila ukivuta pumzi. Muuguzi anasema mgonjwa akitumia kitenzi sahihi, nusu ya kazi imekwisha: kunyonga humfanya daktari afikirie kitu chenye mrija, kama utumbo au mrija wa figo, unaojikamua dhidi ya kizuizi, kudunga wakati wa kupumua kunamfanya afikirie utando wa mapafu. Anasema wengi huishia kwenye "naumwa tu".

Nimeongeza pia tofauti ya ganzi na nusukaputi, kwa ajili ya upasuaji. Ganzi hukufisha sehemu moja nawe ukiwa macho. Nusukaputi hukulaza mwili mzima.

Siku ya 38. Yaliyokamilika: 104

Mama amesoma kurasa zote za tumbo peke yake. Nilikuwa chumba cha pili nikijizuia kwenda. Alipomaliza aliniita na swali ambalo sikulitarajia, na ambalo halikuwa na jibu katika faharasa yangu: "Wakishautoa mfuko, nyongo itakaa wapi?"

Nikamwambia, "Swali hilo kamwulize daktari mwenyewe." Nilimwandikia kwenye kikaratasi, akakikataa. Alisema atalikumbuka.

Siku ya 41

Amelikumbuka. Daktari wa upasuaji aliweka kalamu chini akamjibu taratibu: ini litaendelea kutengeneza nyongo kama kawaida, nayo itateremka moja kwa moja kwenye utumbo mwembamba kupitia mrija wake, bila kusubiri kwenye mfuko. Watu wengi huishi vizuri bila mfuko huo. Mama akauliza tena, "Kwa hiyo mrija unabaki?" Unabaki.

Nimeongeza neno mrija wa nyongo, na nimeandika kwamba jiwe likiuziba, nyongo hurudi nyuma na weupe wa macho huwa manjano.

Siku ya 52. Yaliyokamilika: 117

Upasuaji ulikwenda salama wiki iliyopita. Ana vishimo vinne vidogo tumboni vilivyofunikwa kwa plasta, na anatembea.

Yamebaki maneno matatu: bandama, ambalo sijaamua kama kichwa cha ukurasa kiwe hilo au wengu, ngiri, inayosubiri mchoro, na mshipa, ambalo nimelirudia mara tano na bado muuguzi analitilia alama.

Jioni nilimkuta Mama ameketi na nakala yake ya mchoro wa tumbo na kifutio cha mwanangu. Alikuwa anaufuta mfuko wa nyongo, kwa uangalifu, asiguse ini. Mrija ameuacha.